Aliyetufundisha Tofauti ya Anakufa na Amekufa

Habari imenifikia kutoka mtaa wa Bel-Air, hapa Lubumbashi, kwamba mwalimu wetu wa zamani wa Kiingereza amefariki dunia. Wasomaji wangu wengi hawakumjua. Alizaliwa Pweto, mpakani na Zambia, ambako Kiingereza kilivuka ziwa pamoja na samaki wakavu, na zama za Zaire, shaba ilipokuwa bado ikitulisha sote, alitufundisha sisi watu wazima kila Jumamosi alasiri katika ukumbi wa parokia. Tulimwita citoyenne, yaani mwananchi wa kike, kama serikali ilivyotaka siku zile, ila kwa sauti ya kumwita mama mzazi.

Kilichotusumbua zaidi ni nyakati mbili: tendo linaloendelea na tendo lililotimia. Kosa lilianzia kwenye Kiswahili chetu wenyewe. Sisi husema mtoto amelala, naye bado yumo usingizini. Tulipoandika «the child has slept», citoyenne alicheka, akauliza kama tumekwisha kumpa uji, maana mtoto wa sentensi ile ameshaamka. Tuliyaona ni mambo ya ubaoni tu, mpaka Jumamosi moja mwenzetu, fundi wa reli, alipoingia akilia. Asubuhi ile alikuwa amepokea simu pale parokiani kutoka hospitali ya Kitwe, upande wa Zambia, alikolazwa kaka yake. Nyumbani kilio kilikuwa kimeshaanza. Citoyenne aliweka chaki chini, akamwomba arudie maneno ya muuguzi vile vile alivyoyasikia.

«Alisema: he is dying.»

«Hakusema has died?»

«Hapana, citoyenne. Ile is nilisikia muzuri.»

«Basi iko nakufa, hayakufa bado. Simama, uende.»

Akapanda lori la kwenda Kasumbalesa, mpakani, alasiri ile ile. Alimkuta kaka yake hai, akiongea kwa shida. Walikubaliana nani atawalea watoto, wakasameheana ugomvi wa muda mrefu, kisha akamfumba macho kwa mikono yake mwenyewe. Alituambia baadaye kwamba amani aliyorudi nayo hakuitarajia.

Sisi wa mji huu tuna haraka ya kuzika. Kazi za shaba zilipoanza kupungua, tulitangaza kwamba Lubumbashi imekufa, tukaacha kwaya, tukaacha masomo, tukakaa vibarazani kusimulia ya zamani. Citoyenne yeye aliendelea kufundisha, hata benchi zilipobaki nusu tupu. Sasa naelewa kwamba kukata tamaa mapema ni namna ya kumtelekeza aliye hai. Mwenye pumzi haombolezwi, hutembelewa.