Lango Lililozikwa Miguu

Mzee wangu, baba wa wanangu, hapendi kitu kinachovuja, iwe bati, iwe ndoo. Ndiyo maana masika haya nusura nipoteze viazi vyangu.

Bondeni tuna bwawa la perege. Chini ya tuta lake ndipo kilipo kinyungu changu, kishamba cha bondeni cha viazi. Tuta likikatika, viazi vinakwenda mtoni, na mbegu nyingine sina. Wanangu wakamleta fundi wa kuchomelea kutoka Makambako, akatufungia lango la bati nene kwenye mdomo wa mfereji wa kutolea maji, kimo cha kiuno. Hakuweka bawaba. Alipitisha chuma cha kuzungukia, kimelazwa, karibu na chini kuliko juu.

"Mama, maji ya chini yanasukuma kuliko ya juu," alinieleza. "Bwawa likiwa la kawaida, nguvu kubwa iko chini ya hiki chuma, lango linabana kwenye kizingiti. Maji yakipita juu ya lango, upande wa juu unashinda, maana ni mrefu. Linainama lenyewe."

Yote sikuyashika, ila mlango naujua: usukume karibu na bawaba utahangaika, usukume mbali nayo unafunguka.

Basi mvua ikaanza mchana, ikakataa kuacha. Nilikaa jikoni nikashindwa. Nikachukua jembe, nikashuka. Mzee naye akanifuata na mwavuli.

Maji yalikuwa yamefika ukingo wa lango. Punde yakaanza kumwagika juu yake, lango limesimama tu. Nilikwenda huku na huku juu ya tuta, udongo unalainika miguuni.

"Tulia, bibi wewe. Fundi alisema litainama."

"Lini? Yesu akirudi?"

Kwenye tuta maji yalishaanza kujichimbia kijia kuelekea viazi vyangu. Nikachungulia chini ya lango kwa nje. Siku zote pale panavuja kidogo. Leo, nyuma ya maji yanayoruka, hapapenyi hata tone.

"Mbona halivuji?"

Akatabasamu. "Nimeliziba. Nimeshindilia mabonge ya majani na udongo kwa ndani."

Huku kwetu kila mtu huziba mfereji hivyo, hata mimi. Lakini lango hili likiinama, kichwa kinakwenda nje, miguu inarudi ndani. Yeye miguu kaizika.

"Nishike!" nikamwambia.

"Nikushike wapi?"

"Popote, mzee! Unaona haya leo?"

Akatupa mwavuli, akashika fundo la kitenge changu. Niliinama, nikapeleka jembe ndani ya maji, nikachokoa chini gizagiza bila kuona kitu. Bonge moja likatoka, la pili, majani yakaelea. Nikachokoa tena. Mara lango likatikisika, likapinduka kwa kishindo, ubavu wake wa chini ukaja juu na kuninyang'anya jembe. Tuliangukia matopeni wote wawili. Maji yakapita mferejini yakinguruma.

Tuta lilibaki. Mzee alikwenda na ndoo kuokota perege waliomwagika, ananung'unika peke yake.

"Kesho naliziba vizuri zaidi."

"Ziba uone! Livuje mpaka tufe."

Mimi nilishaingia kinyunguni. Nikang'oa shina la kwanza, viazi vizima, udongo wake haujasombwa. Sikuamini. Nikang'oa la pili, la tatu.

"Wewe!" akaniita na ndoo yake mkononi. "Mvua imeviacha, unavimaliza wewe!"

Nikang'oa la nne.