Bunduki ya mzee kapewa mpwa wake, kuifunga darubini nikaitwa mimi

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi niko Kalemie, ng'ambo ya ziwa mkivuka kutoka Kigoma. Haya yamenikuta juzijuzi tu, na siongezi chumvi.

Mzee wangu ana bunduki ya kulenga shabaha, ya Kibelgiji, ndogo, inakula risasi moja moja. Ni ya tangu enzi za klabu ya watu wa reli.

Msianze maswali ya polisi, karatasi zake zote zipo. Haijawahi kuua hata njiwa, kazi yake ni kutoboa karatasi.

Nimekua nikiipaka mafuta mimi. Moyoni nilishajua ni yangu.

Sasa sisi ni Waholoholo. Kwa desturi yetu ya zamani, mtoto wa dada ndiye anayemrithi mjomba, siyo mtoto wa kumzaa. Familia nyingi zimeshaachana na hayo mambo. Mzee wangu hajaachana.

Basi akamwita Faustin, mtoto wa shangazi yangu, anayefanya kazi kwenye umeme kule Bendera, akamkabidhi bunduki mbele yangu mimi mwanawe.

Wakuu, wivu ule sijawahi kuusikia hata kwa ajili ya mwanamke.

Haikupita muda, Faustin huyo kwenye karakana yangu. Mimi ni fundi chuma. Kabeba bunduki, na mkononi ana darubini mpya ya kulengea, kaiagiza Kigoma. Ananiita Yaya, ndivyo huku tunavyomwita kaka mkubwa.

"Yaya, unifungie hii lunette. Utoboe tu hapa juu, utie vis za kuikaza."

Nitoboe! Chuma cha mzee hakijawahi kuguswa na keke, yeye kakipata jana tu anataka matundu!

Nikamwambia, "Hii hatuitoboe. Ukitoboa, umeiua."

Ningemfukuza, lakini angeenda kwa fundi mwingine. Hilo nisingelivumilia. Nikaichukua.

Nyuma, pale kinapokaa kile kitundu cha zamani cha kulengea, kuna mifereji miwili pembeni. Nikachonga kishikizo cha chuma kinachouma hiyo mifereji, juu yake nikafunga pete za kushika darubini. Hakuna tundu jipya hata moja.

Kujaribu, kila nikifungua komeo la bunduki nitie risasi, mpini wa komeo unagonga darubini. Nikanyanyua kishikizo. Sasa darubini ikawa juu mno, ukiegemea kitako shavu linabaki hewani, jicho halioni kitu. Ikabidi nishone mto wa ngozi wa kufunga juu ya kitako.

Nikawa napima urefu wa mto kwa shavu langu. (Ndiyo, nilikuwa najifaidia kidogo.)

Faustin akanishika mkono.

"Usipime ku shavu yako, Yaya. Wala ku yangu. Pima ku sura ya Mujomba, njo yeye ndiye atapiga. Macho yake haione tena kile kitundu. Alinipa bunduki sababu aliona kwake imeisha. Mimi nataka arudilie kupiga."

Nikakaa chini kwenye benchi.

Mzee anaishi kwangu, wakuu. Kwangu! Namwona kila siku akisogeza Biblia mbali na uso ili asome. Sikuwahi kuwaza kuhusu macho yake na ile bunduki. Aliyewaza ni mtu wa Bendera. Wivu ukawa mara mbili.

Tukampeleka kwenye machimbo ya mchanga nje ya mji. Risasi za kwanza zilienda zote kushoto. Nikakata kipande cha kopo la sardini, nikakitia chini ya pete ya mbele upande mmoja, zikarudi katikati. Mzee akapiga tena na tena, zote kwenye duara jeusi. Akacheka hadi akakohoa.

Akamkumbatia Faustin. "Mutoto wangu," akasema.

Faustin, simlaumu, akajibu, "Mujomba, njo Yaya aliifunga."

Mzee hakugeuka hata.

"Najua. Ule ni fundi."

Nilichojifunza: mimi nilikuwa naitaka bunduki, Faustin alikuwa anamtaka mzee. Najua kabisa nani alikuwa sahihi. Ila wivu hautoki kwa kujua.

Wenye desturi kama yetu, mnaishije nayo? Kejeli pia napokea. Ila kama baba yako hajawahi kumwita mwingine mwanangu ukiwa umesimama palepale na bisibisi mkononi, nihurumie kwanza.