Benchi Lisiloinuka

Kigoda kilimpata mdogo wangu juu ya jicho la kushoto. Nilikirusha mimi, kutoka upande wa pili wa moto, na kabla hakijamfikia nilishajua kwamba hakitamkosa. Alianguka chali juu ya kuni. Damu ikamjaa usoni, nikadhani nimemtoboa jicho.

Alikuwa na miaka tisa. Mimi nilikuwa na kumi na saba, nimeacha shule kidato cha pili baada ya kumzika baba, mwaka mmoja baada ya mama. Tulibaki watatu katika nyumba yetu ya Machochwe: mimi, yeye, na wa mwisho, msichana ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu. Kosa la mdogo wangu siku hiyo lilikuwa utani. Alimvutia mdogo wake kiti cha plastiki wakati anakaa, ili aanguke tucheke. Mtoto akaanguka kweli, lakini upande wa mafiga, na kikombe cha uji wa moto kikammwagikia pajani. Niliposikia ukelele wake, mkono wangu ulishuka wenyewe kutafuta kitu.

Mkono ulijua pa kutafuta. Kigoda kile kilikuwa cha baba, cha mti mgumu, kimechongwa kwa gogo moja, miguu mitatu. Baba alikikalia akila na alikirusha akikasirika. Nimekiona kikipiga mlango, kikipiga sufuria, kikimpiga mama mgongoni akiwa ameinama anasonga ugali. Mara moja kilimvunja vidole viwili. Alipoulizwa zahanati alisema, "Nimejikwaa kwenye kigoda." Nilikuwa nimesimama kando yake, nimemshikia kadi.

Sasa nilikuwa kwenye zahanati ile ile, mmoja nimembeba mgongoni, mwingine namkokota kwa mkono. Muuguzi alimpaka mtoto dawa pajani, kisha akakaa kumshona kaka yake.

"Mura, kijana wangu, nani kakufanya hivi?"

Mdogo wangu hakunitazama. "Nimejikwaa kwenye kigoda," akasema.

Hakuna aliyemfundisha. Mama alipovunjwa vidole, yeye alikuwa bado ananyonya.

Shangazi alifika siku ya nne. Ni dada mkubwa wa baba, ameolewa ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, na habari mbaya humfikia upesi. Alimgeuza mdogo wangu uso kwenye mwanga wa mlango, akazihesabu nyuzi kwa kidole.

"Shikamoo shangazi."

"Shikamoo yako iweke hapo kwanza. Nani?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nikamweleza habari ya kiti, ya uji, ya mafiga. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka yangu naye kila siku alikuwa na sababu," alisema. "Nakupa mpaka mavuno. Nikirudi nikakuta alama mpya kwa mtoto yeyote, nawavusha Sirari wote wawili. Wewe utabaki hapa urushiane vigoda na kuku."

Hakuwa mtu wa maneno matupu, na kwake kulikuwa na nafasi. Niliacha shule kwa ajili ya wale wawili. Wangechukuliwa, ningekuwa nimeacha shule ili nije kuwa kama baba.

Alipoondoka nilikitia kigoda motoni. Hakikutaka kuwaka. Kilifuka moshi mpaka tukatoka nje wote tunakohoa, kisha kikashika, kikaivisha sufuria nzima ya maharage. Tuliyala tumekaa chini.

Vilibaki viti viwili vya plastiki. Kimoja hakikumaliza mwezi. Wa mwisho alimwaga maziwa, yote tuliyokuwa nayo, nami nikakishika kiti kile nikakibamiza kwenye kizingiti, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka kikapasuka na vipande vyenye ncha vikaruka hadi kwenye mkeka alipokaa. Havikumgusa. Nilivikusanya kimoja kimoja. Kigoda cha baba kilikuwa majivu, na mkono bado ulikuwepo. Chochote kilichoweza kuinuliwa jikoni mle, siku moja ningekiinua.

Nikaenda Mugumu kwa seremala mmoja mzee, mtu wa kofia na miwani, aliyekuwa anapiga randa kibarazani pake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Unataka kiti cha sebuleni?"

"Cha jikoni. Kuna watoto wadogo."

"Wanamwaga?"

"Kila siku."

"Basi usichukue cha kamba wala cha sponji. Uji ukiingia humo hautoki, na mende wanahamia na wakwe zao." Akanivutia stuli. "Hii unaosha, unaanika. Wajukuu zako wataikalia."

Niliiinua kwa mkono mmoja. Ilinyanyuka vizuri mno.

"Una nzito zaidi?"

Akaleta nyingine. Nikaiinua. Akanionyesha benchi la watu watatu. Nikalishika mguu, nikalinyanyua mpaka kifuani. Mzee akavua miwani.

"Binti, unataka kukaa au unataka kupigana?"

"Nataka nisiloweza kulirusha."

Nadhani alitaka kucheka, akaacha. "Hapo hakuna mbao ya kukufaa," alisema. "Tafuta mwashi."

Mwashi alikuwa jirani yetu, kijana mwenye maneno mengi. Nilimwambia ajenge benchi la matofali ya kuchoma kwenye kuta mbili za jiko, zile za mbali na moto, na alipigie saruji juu. "Dada, jiko la udongo, benchi la ghorofa!" alisema, lakini alijenga. Nilimsimamia kila tofali. Kimo nilikipima kwa magoti ya wa mwisho, akae miguu ifike chini. Juu nilitaka pateremke kidogo kuelekea mbele, maji yasituame. Pale benchi linapokutana na ukuta nilimwambia apaviringishe, ugali usipate pa kujificha. Na kona zote alizisugua kwa chupa ya soda saruji ikiwa mbichi, mpaka zikawa duara. Nilijua kona inaweza kufanya nini juu ya jicho. Mwisho akapiga niru, saruji nyepesi ya kulainishia juu, pakawa laini kama sahani.

Ndoo moja ya maji na fagio vilitosha kulisafisha. Uji, mboga, kojo la mtoto, vyote vilishuka mbele na kutoka mlangoni. Ila lilikuwa baridi.

"Dada, ni kama kukalia maiti," mdogo wangu alilalamika.

Nikashona vikalio vya turubai, ndani magunia. Navyo vinaoshwa. Hivyo nimevirusha mara nyingi, na havijaumiza mtu.

Mahindi yalipokuwa yanakaribia kukomaa nilimpa mdogo wangu kazi ya kulinda shamba mchana. Siku moja alirudi mapema, akasimama mlangoni mwa jiko.

"Nyani wameingia."

"Ulikuwa wapi?"

"Mtoni."

"Wamekula kiasi gani?"

"Upande wote wa chini."

Upande wa chini ndio uliokuwa chakula chetu mpaka msimu unaofuata. Nilisikia masikio yakiziba. Hakukimbia. Aliinua mkono akafunika lile kovu, na kule kulifunika ndiko kulikonichoma zaidi, sijui kwa nini. Niliinama. Vidole vikashika ukingo wa benchi, nikavuta kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, nikavuta tena nikipiga kelele. Kucha mbili zikavunjika, moja ikang'oka mpaka kwenye shina.

Benchi halikutikisika. Wa mwisho alikuwa amekaa juu yake na tonge mkononi.

"Dada," akauliza, "unatafuta nini?"

Nikakaa. Damu ilidondoka kwenye saruji, na mdogo wangu alipoona sisimami, alichota maji kwa kopo, akaja taratibu, akanimiminia vidoleni. Kisha akamimina juu ya benchi. Maji yakashuka mbele na damu yangu, kama nilivyomwelekeza mwashi.

Tulivuna upande wa juu tu. Shangazi alikuja kama alivyosema, na mfuko mtupu wa kubebea nguo za watoto. Aliwavua mashati, akawageuza kama anayenunua mbuzi, akatazama migongo, akapekua nywele. Kovu la zamani lilikuwa moja, na paja lilishapona. Akanishika mimi mkono.

"Na hii kucha?"

Sentensi ilikuwa tayari mdomoni. Ningeweza kusema nimejikwaa.

"Nyani walikula mahindi nikakasirika," nilisema. "Nilitaka kumrushia mdogo wangu benchi."

"Benchi gani?"

Nikamwonyesha. Alilitazama, akaweka mguu wake juu ya ukingo, akalisukuma kwa kisigino, akasukuma tena kwa nguvu. Kisha akaketi.

"Baridi," alisema.

"Kuna kikalio, shangazi."

"Kilete. Na uji, kama upo."

Alikunywa vikombe viwili. Wa mwisho alipanda kando yake akamwagia uji kwenye khanga, naye akamtazama mtoto, akanitazama mimi, mikono yangu hasa. Mikono ilikuwa imeshika ndoo. Asubuhi iliyofuata alikunja ule mfuko, akauweka kwapani, akarudi ng'ambo ya Sirari peke yake.