Udongo wa Bustani ya Jijini

Safari yangu na mama kutoka Iguguno hadi jijini ilinichosha hata kabla sijapanda basi. Jengo alilokuwa akilijenga kaka yangu liliporomoka. Wenzake walitolewa, yeye hakupatikana. Baadaye pale pale pakatengenezwa bustani ya kumbukumbu. Kwa ukoo wetu, mtu asiyepatikana mwili huletwa udongo wa pale alipofia, ukazikwa nyumbani, ndipo matanga yanaanuliwa. Mama alishachimba kishimo kando ya kaburi la baba, akakifunika kwa kipande cha bati. Miaka inapita, sisi bado tuko matangani. Nilikuwa nimechoka kulia, nimechoka na lile bati.

Bustani ilikuwa kimya. Vigae kila mahali, viti vya zege, ukuta wenye majina. Mama hakuhangaika na ukuta, hajui kusoma. Alipiga magoti kwenye maua, akatandaza khanga, akaanza kuchota.

Mlinzi akaja mbio. "Shikamoo mama. Udongo wa hapa hauchukuliwi."

"Marahaba baba. Ni wa mwanangu huu."

Nilimvaa yule mlinzi kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akamgeukia mama kwa upole.

"Ningekuachia, mama. Ila wa hapa wenyewe ulizolewa wote pamoja na kifusi. Huu uliletwa na lori, umechanganywa na samadi."

Mama aliunusa. Mtu aliyezeeka na ng'ombe hadanganyiki. Akaurudisha wote kwenye maua, akakung'uta khanga, akasema twende.

 Njiani kurudi nilitazama alizeti dirishani nikimkasirikia kaka, maskini wa Mungu, kana kwamba alijificha makusudi.

Tulipofika nyumbani mama hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kishimo, akaondoa bati, akavua raba zake akazigonga soli kwa soli. Vumbi likadondoka, kidogo sana.

Nikataka kumwambia mama, acha, hilo ni vumbi la viatu tu. Alinitazama miguuni.

"Vua na wewe," akasema. "Umekanyaga pale alipolala."

Nikavua. Niligonga raba zangu mpaka mikono ikauma, huku nalia kwa sauti. Mama akafukia, na jioni ile tukaanua matanga.