Salamu Iliyokatwa Mkia

Leo simu yangu nusura inikoseshe mke.

Mchumba wangu kaniingiza kwenye grupu la familia yao, kule Iringa. Baba yake akaandika: "Karibu mkwe. Uko tayari kuwa mtoto wetu?"

Mimi Mnyakyusa wa Soweto, Mbeya, nikaona nianze na salamu ya Kihehe niwafurahishe. Nikaandika "Kamwene!" nikatuma bila kuangalia.

Simu, kwa kimbelembele chake, ikakata mkia wa neno.

Ikaenda: "Kamwe!"

Jamani. Tiki za bluu zimejaa, wote wamesoma!

Mama mkwe akapiga. "Baba, kumbe hututaki?"

"Mama, ni simu! Nilikuwa nasalimia!"

Akacheka mpaka akakohoa. "Hata yangu ina tabia hiyo. Mchungaji aliuliza nani atapika Jumapili, mimi nikamsalimia. Mpaka leo ananikwepa."

Nikapumua.

Nyie simu zenu zimewaponza wapi? Semeni, nisiwe peke yangu.

Maana sasa hivi baba mkwe karudi grupuni: "Kamwe, mkwe."

Nimeitikia: "Kamwe, baba."