Nani Aseme "Piga"

Jina la Mama Injini alilipata melini, kwenye chumba cha mitambo, alikofanya kazi miaka mingi, mwanamke peke yake kati ya mafundi wenye mabega mapana kama milango. Hakuogopa moto wala mawimbi. Kilichomtisha ni kusema mbele za watu. Chama cha mabaharia kilipomtuma akajadili rasimu ya sheria ya kulinda meli za mizigo dhidi ya maharamia, aliingia ukumbi uliojaa wadau wa meli, akaketi nyuma kabisa.

Upande wa pili akamwona mdogo wa mumewe, tai shingoni. Yeye alikuwa mlinzi wa meli, ametumwa na kampuni yake.

"Shemeji, leo hakuna undugu," akamtania.

"Ngoja uone!"

Kwamba meli zibebe walinzi wenye bunduki, wote waliafiki. Moto uliwaka kwenye swali moja: nani aamuru risasi ipigwe, nahodha au mkuu wa walinzi?

"Haramia hasubiri nahodha amalize kunyoa ndevu!" shemeji akanguruma. "Akishatupa ngazi, tumekwisha!"

Meza zikapigwa kwa shangwe. Mama Injini akajikuta amesimama, hata hajaitwa.

"Safari iliyopita boti ilitujia mbio. Mlinzi akalenga. Nahodha akapiga ukelele, 'Shusha!' Kumbe ni wavuvi, mwenzao kaumia, wanatafuta msaada! Nilimfunga bandeji kwa mikono hii. Jamani, risasi ikitoka hairudi!"

Ukumbi ukalipuka, kila mtu anasema lake. Mwenyekiti aligonga meza mpaka kiganja kikamuuma.

"Sawa, wavuvi," shemeji akasema, sauti imeshuka. "Na maharamia wakishapanda, nahodha hapatikani, wanataka kutuua?"

Mama Injini akatikisa kichwa kukubali.

"Hapo mlinzi asingoje mtu. Atuokoe!"

"Basi tumekubaliana?"

"Tumekubaliana, mkaidi wewe!"

Kicheko kikatanda. Amri ikawa ya nahodha, isipokuwa roho za watu zikiwa hatarini naye hapatikani. Mikono ikainuka kama msitu, rasimu ikapita.

Nje, Mama Injini akampigia mumewe simu.

"Tumeshinda!"

"Nani, wewe au mdogo wangu?"

"Sote wawili! Bandika chakula, tunakuja. Na ubishi bado haujaisha!"