Kapteni wa Jukwaani

Niliporudi Nachingwea na leseni ya urubani, majirani walikuja kunitazama kama anavyotazamwa bibi harusi. Walikaa mkekani kwa mama, wakanywa chai, wakauliza ndege yangu nimeiacha wapi. Mama alijibu kitu kwa Kimwera, wote wakacheka, mimi nikabaki naangalia chini. Sikuwa na ndege wala kazi. Kampuni zinataka rubani aliyekaa sana angani, na huwezi kukaa sana angani mpaka uajiriwe. Kwa hiyo asubuhi nilikuwa shambani na baba, nikipalilia mikorosho, na jioni nilikuwa kwenye simu.

Kwenye simu kulikuwa na jukwaa. Mwalimu wetu wa chuo ndiye aliyetuingiza: jukwaa la marubani la mtandaoni, watu wa kila upande wa nchi na wa nchi za jirani. Walikuwamo makapteni wenye mvi, wanaorusha watalii, wanaobeba wagonjwa, na sisi tusio na kazi, ambao ndio tuliokuwa wengi. Mle ndani kulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote. Usiombe kazi hadharani. Anayeomba hajibiwi. Unachangia, unajulikana, halafu siku moja mtu anayekufahamu anakutaja kwa bosi wake. Nafasi nyingi hazitangazwi, zinapita mdomo kwa mdomo. Na anayekutaja ameweka jina lake mwenyewe rehani, hivyo hakutaji ovyo.

Nilijiuliza nichangie nini, mimi wa Nachingwea, mbele ya watu waliorusha ndege kabla sijazaliwa. Jibu lilikuja siku rubani mmoja alipouliza kama kuna anayejua hali ya uwanja wetu baada ya mvua. Hakuna aliyejibu. Asubuhi nilipanda bodaboda, nikatembea njia ya kurukia mwanzo hadi mwisho, nikapiga picha za nyasi, za mahali maji yalipotuama, za mbuzi waliokuwa wanakatiza. Nikaandika yote kwa ufupi, kwa lugha yetu ya kazi. Watu walishukuru. Wiki iliyofuata mwingine akauliza, nikaenda tena. Baada ya muda nikawa naitwa "macho ya kusini".

Mlinzi wa uwanja alinizoea. Alikuwa mtu wa makamo, mwenyeji wa Mnero, anayependa maongezi. Alikuwa akiniona tu anasema, "Umekuja kukagua shamba lako?" Nilikuwa namjibu kwamba ndiyo, na mazao yanaendelea vizuri.

Katika jukwaa lile watu wawili walinizoea zaidi ya wengine. Mmoja alikuwa dada wa Arusha, rubani wa ndege ndogo, aliyekuwa akinisaidia kusoma ramani za hali ya hewa. Aliniita "mdogo wangu", akikosa subira nami kila nilipouliza swali la kizembe. Wa pili alikuwa Kapteni. Picha yake ilimwonyesha mzee mwenye miwani myeusi, amesimama kando ya bawa la ndege. Kila mtu alimheshimu. Ikisemwa fulani kapata kazi, mara nyingi aliyemtaja alikuwa yeye.

Kapteni alianza kuniandikia faraghani wakati watu wanavuna ufuta. Alisema ameona kazi yangu, na kwamba vijana wengi wanapiga kelele lakini wachache wanafanya kazi.

"Binti, mimi simpendekezi mtu nisiyemjua," aliandika. "Nifanyie kazi ndogo ndogo nikujue. Baada ya hapo nitakushika mkono."

Nilimsomea mama ujumbe ule. Mama hakuwa na Kiswahili kingi cha maandishi, akataka nirudie.

"Kazi gani hiyo?" aliuliza.

"Za kawaida tu. Hali ya uwanja."

"Na huyo mtu umeshamwona?"

"Watu wote wanamfahamu, mama."

"Nimeuliza wewe."

Nikatoka nje kutafuta mtandao.

Mwanzoni ilikuwa kweli ni hali ya uwanja, ila alitaka nimpe yeye peke yake, nisiweke jukwaani. Halafu akauliza kama ninafahamika Ruangwa. Nilimwambia shangazi yangu anaishi Likunja, na kwamba karibuni ningekwenda kumsaidia kupepeta ufuta. Akafurahi. Akasema kuna mpango wa ndege ya wagonjwa, na angependa kujua kama upande wa Malolo kuna ardhi iliyonyooka, ngumu, mbali kidogo na nyumba.

Nilikwenda. Shangazi alinisindikiza kwa sababu alikuwa na mtu wa kumsalimia huko. Nilimwona ananitazama nikipiga picha uwanda mtupu, nikikanyagakanyaga udongo kwa kisigino kuujaribu.

"Huyo bosi wako anataka kulima?"

"Hapana, shangazi. Ndege ya wagonjwa ishuke."

"Mgonjwa wa Malolo anabebwa kwa pikipiki, mwanangu. Sasa huyo wa ndege ni mgonjwa wa nani? Na mbona asishuke karibu na watu?"

Nilimwambia ndege inahitaji nafasi. Aliitikia kwa kichwa, kisha akaongea mambo mengine. Lakini picha zile sikuzituma siku hiyo. Nilizituma kesho yake, baada ya Kapteni kuuliza mara mbili, na mara ya pili hakuanza na salamu.

Tangu hapo maswali yake yakabadilika, na mabadiliko yenyewe yalikuwa ya polepole kiasi kwamba kila swali lilifanana na lililotangulia. Mlinzi ana simu? Anakaa upande gani wa uwanja? Askari wanapita mara ngapi? Akaniambia nifute ujumbe wetu kila jioni, kwa sababu washindani wake wana wivu. Nilijaribu kuamini. Nilikuwa nimeshaonja ile hali ya kujua kwamba jina langu linatajwa mahali. Siku hizo hizo aliniandikia kwamba amezungumza na kampuni moja, kwamba kiti cha rubani msaidizi ni changu, kimebaki kitu kidogo tu.

Kitu chenyewe kilikuja Jumanne. "Ijumaa wakati wa sala, uwanjani anabaki nani?"

Nilikuwa shambani. Nilisoma ule ujumbe nimesimama juani na jembe begani. Jibu nililijua. Mlinzi hakosi sala ya Ijumaa, na mji wote wakati ule uko msikitini au umefunga milango. Nilijua pia kwamba hakuna rubani wa wagonjwa anayehitaji kujua hivyo. Sikujibu. Nikaiweka simu mfukoni nikaendelea kulima, nikilima vibaya, mpaka baba akaniuliza kama naumwa.

Jioni niliifungua simu. Kapteni alikuwa ameandika tena.

"Usijali. Nimeshajibiwa na mwingine."

Nilikaa kitandani nikiwaza ni nani huyo mwingine. Jukwaani sikumjua mtu yeyote wa Nachingwea ila mimi. Niliwaza wanaofungua maduka karibu na stendi, waendesha bodaboda walionipeleka uwanjani, wasichana niliosoma nao. Kila sura niliyoikumbuka niliipitia upya, na hakuna hata moja iliyobaki kama ilivyokuwa.

Ijumaa baba alivaa kanzu akaondoka. Nilimwambia mama nakwenda uwanjani. Hakunizuia. Aliniuliza tu kama nimebeba simu.

Kibanda cha mlinzi kilikuwa kimefungwa. Upepo haukuwapo, nyasi zilisimama wima. Nilitembea mpaka kando ya njia ya kurukia, mahali ambapo mtu aliye angani angeniona vizuri, nikasimama. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu wajue kwamba pana mtu.

Ndipo nilipoliona gari. Lilikuwa pikapu, limeegeshwa mwisho wa uwanja chini ya mikorosho, nyuma limefunikwa turubai. Wanaume wawili walikuwa wameliegemea. Waliniona kabla sijawaona, kwa sababu wote wawili walikuwa wameshanigeukia.

Muungurumo ulitokea upande wa Ruangwa. Ndege ilikuwa ndogo, nyeupe, ya injini moja, na ilikuja chini kuliko inavyotakiwa. Chini ya bawa, panapoandikwa herufi za usajili, palikuwa pamepakwa rangi. Ilijipanga na njia, ikateremka, nikayaona magurudumu yake, nikamwona hata mtu aliyekaa mbele upande wa kushoto, kivuli tu nyuma ya kioo. Miguu ilitaka kukimbia. Nilibaki pale pale, nadhani kwa woga zaidi kuliko ujasiri. Ndege ikapita mbele yangu bila kugusa ardhi, injini ikanguruma kwa nguvu, ikapanda, ikageukia kusini.

Pikapu iliwashwa. Kulikuwa na njia mbili za kutoka, wakachagua inayopita nilipokuwa. Iliponifikia ilipunguza mwendo. Dereva alikuwa kijana, kanyoa vizuri, sijamwona kabla wala baadaye. Aliongea kwa upole.

"Umetuharibia siku, rubani."

Wakaenda zao. Nilikaa chini kwenye vumbi. Simu ikatetemeka mkononi. Ujumbe wa Kapteni ulikuwa mfupi: "Nilitaka kukushika mkono. Umesimama pabaya." Nilipotaka kuusoma tena, akaunti yake haikuwapo.

Baba alipotoka msikitini nilimweleza kila kitu, kuanzia mwanzo. Hakunikaripia. Aliniambia, "Twende hivi hivi, kabla hatujaanza kuogopa." Tukaenda kituo cha polisi, yeye akiwa na kanzu yake ya Ijumaa. Ofisa aliyetupokea alinisikiliza kwa makini, akachukua maelezo, akataka kujua rangi ya gari na upande ndege ilikoelekea. Ujumbe mwingi nilikuwa nimeufuta kama nilivyoagizwa. Alisema watafuatilia, na kwamba kwa muda nisitembee peke yangu. Mlinzi alipata habari jioni ile. Tangu siku hiyo hakuwahi kunitania tena. Nikipita ananisalimia kama anavyosalimiwa mgeni.

Nilimpigia dada wa Arusha. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake. Nilipofika kwenye swali la Ijumaa alinikatisha.

"Kapteni," alisema. Hakuuliza.

"Ulikuwa unajua?"

"Zamani aliniuliza mambo kama hayo, ya uwanja mwingine. Niliacha kumjibu. Nilidhani ni mimi tu. Nilikuwa na rafiki. Yeye hakuacha. Alipata kazi kweli, mdogo wangu, tena haraka. Tangu aondoke sijasikia sauti yake. Napata ujumbe wa maandishi tu. Na haandiki kama alivyokuwa anaandika."

"Umemwambia nani?"

"Dada zake. Wanasema yuko salama, anawatumia salamu."

Tuliandika jukwaani, yeye na mimi, tukisaini wote wawili. Wasimamizi walitushukuru. Baadhi ya watu walikasirika. Walisema tunamchafua mzee aliyewatafutia kazi. Wachache walitufuata faraghani wakatuuliza maswali ya woga, kila mmoja akisisitiza kwamba anauliza kwa niaba ya rafiki.

Msimu wa korosho ulipoanza, dada aliniambia kampuni moja ndogo inatafuta rubani msaidizi, na kwamba amenitaja. "Nimewaambia unatembea uwanja kabla hujausemea," alisema. "Sikuwaambia zaidi ya hapo." Niliitwa Dar es Salaam kwa usaili. Baba alinisindikiza hadi stendi, akasimama mpaka basi likaondoka.

Waliokuwa mezani ni wawili, mwanamke wa rasilimali watu na rubani mkuu wa kampuni. Waliniuliza ya kawaida: injini ikizimika, mawingu yakifunga, abiria akilazimisha. Nilijibu vizuri. Nilianza kupumua. Mwisho yule mwanamke akafunua karatasi zake, akatabasamu.

"Una bahati ya kupendwa. Tumepokea mapendekezo mawili."

Nilimwambia nimeomba moja tu.

"La pili limekuja kwa barua pepe wiki hii. Linakusifu sana. Anasema una ujasiri wa kusimama mahali ambapo wengine wangekimbia." Aliangalia chini kutafuta jina. "Hakuweka jina. Ameandika tu Kapteni."

Nilisikia kiyoyozi kikivuma. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kuhusu usaili ule ila wazazi wangu na dada. Niliwaeleza wale wawili yote, taratibu, nikijua kwamba huenda naifukuza kazi kwa mdomo wangu. Niliwaomba barua ile waitoe, wasiihesabu, na waipeleke inakostahili. Rubani mkuu hakuandika chochote. Aliniuliza swali moja, kama ndege ile niliiona imepakwa rangi chini ya bawa la kushoto au yote mawili. Nikamjibu. Akaitikia, kama mtu aliyekuwa akilijua jibu.

Waliniajiri. Sasa nakaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, nabeba watu na mizigo, na saa zangu zinaongezeka. Dada bado anakosa subira nami. Mama anawaambia majirani kwamba sasa ndege ipo, ila ni ya watu.

Sijawahi kuuliza ofisini barua ile ilipelekwa wapi, wala rubani mkuu alijuaje la kuniuliza. Ninaporuka naye hatuzungumzii Nachingwea. Wiki iliyopita baba alinipigia mchana, Ijumaa, alipotoka kusali. Aliniuliza kama ni mimi niliyepita juu ya shamba, chini chini hivi, nikielekea Ruangwa. Nilikuwa Dodoma, nimekaa chini ya bawa nasubiri abiria. Nilimwambia siyo mimi, aingie ndani, afunge mlango, na ampigie yule ofisa wa polisi.